Seva iliyoitika "nzuri" huku inaumwa

Kirumba mwaloni, Mwanza, saa kumi na moja alfajiri. Mitumbwi ya dagaa ndiyo kwanza inagonga ufukwe, wabebaji wanapigana vikumbo na ndoo kichwani, na katikati ya purukushani zile watu bado wanasalimiana kwa Kisukuma. "Mwangaluka mayu!" "Mwangaluka baba." "Mhola?" "Mhola." Mama anayeitika hivyo huenda hajalala. Huenda mtoto kamwacha nyumbani na homa, au dagaa wake wa juzi wamenyeshewa wakiwa chanjani na sasa hawana mnunuzi. Ataitika mhola vilevile, kwa sababu salamu huitikiwa hivyo. Kwa Kiswahili tuna mtindo uleule: "Habari za nyumbani?" "Nzuri, ila tumefiwa."

Mimi riziki yangu ni seva, zile kompyuta zinazohudumia programu za watu, si dagaa, ila seva zenyewe zinakula kwa dagaa. Ofisi yetu ndogo pale Pasiansi inatunza mfumo wanaoutumia mawakala wa mialoni. Mzigo ukipimwa, wakala anaingiza kilo na bei kwenye simu, anapiga picha ya mzani, risiti inatoka, mwenye mtumbwi anapata ujumbe. Nyuma ya mfumo huo kuna seva 3 tulizozipa majina ya visiwa: Ukara, Kome na Maisome. Mbele yake imekaa programu ya kugawa maombi, ile mafundi wanayoiita lodibalansa. Sisi ofisini tunamwita mgawaji. Ombi likija, mgawaji anachagua kisiwa cha kulipeleka. Kazi yake ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi kwa muda mrefu: kujua kisiwa kipi kizima na kipi kinaumwa, asije akampeleka mteja kubisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Asubuhi moja ya siku za giza, zile ambazo mwezi haupo na taa za wavuvi zinavuta dagaa kisawasawa, simu yangu iliita kabla ya saa kumi na mbili. Alikuwa wakala wetu wa siku nyingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiki kidude chenu kina nini leo? Naweka kilo, inakubali. Naweka nyingine, inakataa. Narudia ileile, inakubali. Foleni imefika kwa wachoma mihogo. Mimi nishike lipi?"

Nikafungua ukurasa wa mgawaji. Mistari 3, yote kijani kibichi kama mpunga wa Magu. Nikamwambia mama azime simu kisha aiwashe, ushauri ambao mafundi tunautoa tukiwa hatuna la kusema, na ambao mpaka leo namwonea haya kwa kuutoa. Akaizima, akaiwasha. Inakubali, inakataa.

Aliyelitegua ni mdogo wangu wa kazini, binti aliyekuwa na miezi michache tu tangu aanze. Hakuangalia rangi. Alifungua logi, yaani daftari la matukio, za maombi ya kweli, akapanga makosa kwa seva, akanigeuzia kompyuta. "Kaka, yote yanatoka Maisome." Tukaingia Maisome: diski imejaa, asilimia 100. Picha za mizani za miezi kadhaa zilikuwa zimerundikana pale bila mtu wa kuzihamisha. Kila wakala aliyejaribu kuandika kilo kupitia Maisome alipata kosa la 500, namba ambayo seva huitoa ikishindwa kazi yenyewe, na kwa kuwa mgawaji alikuwa anagawa kwa zamu, zamu ya tatu ilimwangukia mtu. Ndiyo ile inakubali, inakataa.

Kwa nini basi Maisome ilikuwa kijani? Kwa sababu kila baada ya sekunde 2 mgawaji alikuwa anaiuliza "Hujambo?" kwenye anwani ndogo tuliyoitengeneza kwa kazi hiyo, na programu yetu ilikuwa imeandikwa ijibu neno moja, "sawa", bila kugusa diski wala kitu kingine. Kulitamka neno hilo hakuhitaji nafasi hata baiti moja. Maisome ilikuwa mgonjwa anayeitika salamu vizuri kabisa.

Hapo ndipo nilipoanza kuzitenga njia mbili za kukagua afya ya seva ambazo kabla ya hapo nilizichanganya. Kuna kukagua kwa kuuliza: mgawaji mwenyewe anatuma swali lake, kwa saa yake, mteja awepo asiwepo, na anahukumu kwa jibu. Na kuna kukagua kwa kutazama: mgawaji haulizi kitu, anaangalia tu maombi ya wateja yanavyokwenda na kurudi, na seva ikiboronga mara kadhaa anaiweka kando. Tajiri wa mitumbwi anazijua zote mbili bila kusoma kompyuta. Anaweza kuipigia simu kila chombo usiku, "Vipi huko?", akajibiwa "Poa tajiri" na nahodha aliyelala. Au anaweza kukaa juu ya jiwe akahesabu taa ziwani, na asubuhi akahesabu ndoo.

Tulianzia kwenye kutazama, tena bila kujua. Mgawaji wetu wa kwanza alikuwa NGINX, programu ya Igor Sysoev iliyotoka kwa umma mwaka 2004, lile toleo la bure. Toleo hilo halina kuuliza; kuuliza kumewekwa kwenye toleo la kulipia. Lina kutazama tu, na linafanya hivyo lenyewe hata usipoandika kitu: kosa 1 ndani ya sekunde 10, seva inawekwa kando kwa sekunde 10, kisha inajaribiwa tena. Inajaribiwa na nani? Na mteja. Hilo ndilo wengi hatulioni tunaposoma mipangilio. Katika kukagua kwa kutazama, mtu wa kugundua kwamba chungu kina sumu ni yule anayeonja, na mwonjaji ni mama mwenye foleni ya ndoo nyuma yake.

Usiku mmoja njia ya mtandao kwenda Kome ilikatika katikati. Kome yenyewe ilikuwa nzima, imekaa kwenye chumba cha kukodi upande mwingine wa mji, lakini kuna kifaa njiani kilikuwa kinameza pakiti, vile vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni, kimyakimya. Seva iliyozimika kistaarabu hukataa muunganisho papo hapo na mgawaji anajua. Kimya ni kitu kingine. NGINX husubiri kuunganishwa kwa sekunde 60 isipoambiwa vinginevyo. Programu yetu ya simu ilikuwa imeandikwa ikate tamaa baada ya sekunde 30. Mteja anasubiri, anasubiri, simu inakata. Na mteja akikata mwenyewe, NGINX huandika 499 kwenye logi na haiihesabii seva kosa lolote, kwa sababu kwa macho yake aliyeondoka ni mteja. Kwa hiyo sekunde 60 hazikutimia hata mara moja. Kome haikuhesabiwa kosa hata moja usiku kucha, na theluthi ya watu walikaa nusu dakika wakitazama kiduara kinazunguka.

Nilipoligundua nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Kanuni ya kosa 1 ilikuwepo na ilikuwa kali kabisa, ila hakuna kilichowahi kuifikia. Tukashusha muda wa kusubiri muunganisho hadi sekunde 2. Kuanzia hapo, seva ikinyamaza, NGINX inaihesabia kosa na kulipeleka ombi lilelile kwa seva nyingine, na hata ombi la kuandika halina hatari kwa kuwa lilikuwa halijatumwa bado. Mama wa foleni anachelewa sekunde 2, hajui kilichotokea, anaendelea na ndoo ya pili.

Kuna kijambo kingine cha NGINX nitakitaja haraka kwa wenye kuitumia. Ina wafanyakazi kadhaa ndani yake, yaani nakala zake zinazofanya kazi sambamba, na usipowawekea sehemu ya kumbukumbu ya pamoja, kila mmoja anahesabu makosa kivyake. Ukiweka kikomo cha makosa 3 na una wafanyakazi 4, seva inaweza kuboronga mara nyingi zaidi kuliko ulivyokusudia kabla wote hawajaafikiana kwamba inaumwa. Na kosa la 500 haliingii kwenye hesabu kabisa mpaka uitaje kwa jina kwenye mipangilio. Kwa desturi inahesabu mambo ya muunganisho kufa na muda kuisha. Seva inayojibu upuuzi kwa wakati haina hatia.

Tukahamia HAProxy, kazi ya Mfaransa Willy Tarreau iliyokuwepo tangu 2001, kwa sababu yenyewe inauliza bila malipo. Kwa kawaida yake inauliza kila sekunde 2, ikikosa jibu mara 3 mfululizo inaitoa seva, ikipata jibu zuri mara 2 inairudisha. Sekunde 6 kutoka, sekunde 4 kurudi. Usiku ule wa Kome ungeisha kabla sijaamka. Nikaona nimemaliza. Nikachora mistari yangu ya kijani, nikawa naionyesha kwa wageni wa ofisi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: ndipo Maisome ikajaa.

Nimshukuru Mungu kwa jambo moja dogo siku ile. Tulikuwa tunagawa kwa zamu. Kuna mtindo mwingine wa kugawa ambapo ombi hupelekwa kwa seva yenye kazi chache kwa wakati huo, na mimi ndio nilioupenda, nilikuwa nimepanga kuuweka wiki inayofuata. Sasa fikiria seva ambayo diski imejaa. Ombi linafika, linajaribu kuandika, linashindwa papo hapo, linarudishwa na 500. Wenzake wanachukua muda wao kufanya kazi ya kweli, yenyewe iko bure kila wakati. Mgawaji anaiona haina shughuli, anaimiminia. Theluthi ya makosa ingegeuka kuwa karibu kila ombi. Ni yule kijana mwalonini ambaye kila ukimtuma anarudi haraka, ndoo tupu, na kwa kuwa amesharudi unamtuma tena.

Baada ya Maisome nilifanya kosa ambalo nadhani kila mtu wa kazi hii hulifanya mara moja. Nikasema: kama salamu haitoshi, basi tuulize kila kitu. Nikaiandika upya ile anwani ya afya. Sasa mgawaji akiuliza "Hujambo?", seva inafungua muunganisho na kanzidata, ghala la data linalotumiwa na seva zote, inasoma safu moja, inaandika nyingine, inaifuta, ndipo inajibu. Hapo nilijiona daktari bingwa. Sikupiga hesabu: kuuliza kila sekunde 2 ni mara 43,200 kwa siku kwa seva moja, na kwa visiwa 3 ni mara 129,600. Kanzidata yetu ilianza kufanya kazi nyingi ya kuthibitisha kwamba inafanya kazi.

Lakini sio hapo palipouma. Mwisho wa mwezi, mhasibu wa mteja wetu mmoja aliendesha ripoti yake kubwa saa za asubuhi badala ya usiku. Kanzidata ikawa nzito. Haikufa, ikawa nzito tu, kama lori lililopakia kupita kiasi kwenye mlima wa Bugando. Majibu ya ukaguzi yakavuka muda wake. Kosa la kwanza, la pili, la tatu: Ukara nyekundu. Kome nyekundu. Maisome nyekundu. Zote zilitoka ndani ya pumzi moja, na mgawaji aliyebaki bila seva hata moja akaanza kumjibu kila anayekuja 503, yaani huduma haipatikani. Kabla ya hapo watu walikuwa wanasubiri sekunde tano, sita, wanalalamika, wanapata risiti. Sasa hakuna aliyepata kitu. Hata orodha ya bei, ambayo seva zilikuwa nayo kwenye kumbukumbu na hazikuhitaji kanzidata kuitoa, haikutoka.

Yaani mashine niliyoiweka ilinde huduma ndiyo iliyoizima. Mgeni amepita kijijini akauliza kila nyumba kama ina maji. Mto umepungua, kila nyumba ikajibu ukweli mtupu: hayatoshi. Akafunga milango ya nyumba zote.

Jambo lililonikaa kichwani baada ya aibu ile ni hili: kumtoa mgonjwa kuna maana pale tu ambapo kuna mzima wa kumpokea mteja wake. Kama ugonjwa ni wa kitu kinachotumiwa na wote, hakuna wa kupokea, na kutoa ni kufunga duka. Waliotengeneza Envoy, mgawaji mwingine, walilifikiria hili. Yenyewe, seva zilizo nzima zikishuka chini ya asilimia 50, inaacha kuuamini ukaguzi na kugawa kwa wote kana kwamba hakuna aliyeumwa, na kwenye upande wake wa kutazama ina kikomo cha sehemu ya seva inayoruhusiwa kuwekwa kando kwa wakati mmoja, asilimia 10 usipobadilisha. Kuna hekima ya kizee ndani yake. Ukiona kijiji kizima wamekuwa wezi siku moja, jikague macho.

Kwa hiyo tuligawanya maswali. Seva tunaiuliza mambo ya nyumbani kwake tu: una nafasi kwenye diski, unaweza kuandika faili dogo na kulisoma tena, vibarua wako wa ndani wako hai? Ya kanzidata tumeyaondoa kwenye mlango wa mgawaji tukayapeleka kwenye kengele tofauti inayoamsha binadamu, mara nyingi mimi, maana tatizo la kanzidata linahitaji mtu wa kwenda kuongea na mhasibu. Hakuna mgawaji anayeweza kufanya hivyo.

Kutazama nako tukakurudisha, safari hii kwa makusudi. HAProxy inaweza kuchungulia majibu ya wateja huku ikiendelea kuuliza: unaiambia itazame, na makosa yakifika 10 mfululizo iishushe seva. Tukaweka. Ijumaa mchana, muda ambao mialo imetulia, tukaijaza diski ya Maisome makusudi na kusubiri. Tukasubiri sana. Makosa yanatoka, Maisome iko palepale.

Neno lililotuangusha ni "mfululizo". Maombi yetu mengi ni ya kusoma: bei ya leo, jumla ya wiki, risiti ya jana. Maisome iliyojaa diski ilisoma bila tabu. Kosa, kosa, sawa, kosa, sawa, sawa. Kila "sawa" ilirudisha hesabu kwenye sifuri. Mfano wake ni mtu anayeshindwa kulipa deni lakini kila siku mbili anakuletea sato mmoja, huwezi kumshika. Tukatenga njia: maombi ya kuandika na ya kusoma yakawa na makundi mawili kwa mgawaji, ingawa seva ni zilezile 3, ili kila kundi lihesabu makosa yake. Mdogo wangu ndiye aliyelitoa wazo hilo. Mimi nilikuwa nataka kushusha 10 kuwa 3, jambo ambalo lingetufanya tumtoe mtu mzima kwa kikohozi.

Ijumaa iliyofuata tukajaza tena. Makosa 10 ya kuandika, Maisome chini. Tukapeana mikono. Sekunde 4 baadaye, Maisome juu. Makosa 10 mengine, chini. Sekunde 4, juu. Ilikuwa inapanda na kushuka kama boya la wavu, na kila kupanda kulikuwa kunakula wateja 10.

Ukiangalia kwa utulivu ilikuwa lazima iwe hivyo. Kutazama kulimtoa, kuuliza kukamrudisha. Mgawaji huyu, akishaishusha seva kwa sababu ya makosa ya wateja, hana wateja tena wa kuitazama, kwa hiyo kinachobaki cha kumwambia imepona ni salamu. Na salamu yetu siku ile, kwa sababu ya haraka, tulikuwa tumeirudisha kwenye ile ya zamani ya "sawa", yale maswali ya nyumbani yakiwa hayajakamilika. Kutoa na kurudisha zilikuwa zinaamuliwa na watu wawili wasioongea. Basi tukalikamilisha swali jipya, lile la kuandika faili dogo, kwa programu yake ndogo ya ukaguzi, na tukaongeza idadi ya majibu mazuri ya kurudi kutoka 2 hadi 10. Sekunde 20 nje sio adhabu kubwa kwa seva, na kwa mgonjwa ni muda wa kujifichua.

Watu huniuliza nikilazimika kuchagua moja nichague ipi, nami huwa najibu kwa kuuliza mwezi una siku ngapi. Simaanishi mwezi wa kalenda. Dagaa huvuliwa gizani. Mbalamwezi ikikolea taa za wavuvi zinashindana na mwezi, mitumbwi mingi inapumzika, nyavu zinatengenezwa, na maombi kwenye mfumo wetu yanakauka. Kuna saa nzima za usiku haliji hata ombi moja. Kutazama hapo ni kipofu, maana hakuna cha kutazama: seva inaweza kufa saa tatu usiku na ikaonekana nzima mpaka mteja wa kwanza wa alfajiri ajikwae kwayo. Siku hizo nashukuru kuna kuuliza. Siku za giza maombi yanakuja kama mvua ya masika na kila sekunde imejaa ushahidi, kutazama kunaona mambo ambayo swali langu la kila sekunde 2 halitayafikiria kamwe. Ukinibana sana nitasema hivi: kuumwa kaulize wateja, kupona kaulize seva. Lakini sijawahi kuona sababu ya kuchagua moja kama zote mbili ziko mkononi.

Swali la kurudia ombi lililoangukia seva mbovu ni refu na lina makala yake. Nitagusa tu kwamba ombi la kusoma tunalirudia kwa seva nyingine bila woga, na la kuandika haturudii hovyo, kwani kilo 40 zikiandikwa mara mbili zinakuwa 80 na mwenye mtumbwi atakuja Pasiansi yeye mwenyewe, kwa miguu, akiwa na hasira. Siku hizi kila kipimo kinapewa namba yake na simu kabla hakijatumwa, na kanzidata inaikataa namba iliyokwisha kuiona. Hilo limeturuhusu kupumua.

Ijumaa ya tatu ndiyo iliyobaki kuwa hadithi ya ofisini. Kila kitu kilikuwa kimewekwa: njia mbili, makosa 10, swali la kuandika faili, majibu 10 ya kurudi. Tuliagiza mihogo ya kuchoma na kachumbari, tukaijaza diski ya Maisome kwa faili moja kubwa la upuuzi, tukakaa mbele ya skrini. Makosa 10, chini. Vizuri. Sekunde 20, juu.

"Kaka, imepanda."

"Naiona."

Nikaingia Maisome. Diski asilimia 100. Nikajaribu kuandika faili kwa jina la mtumiaji anayeendesha programu yetu: nafasi hakuna. Nikafungua ile programu ndogo ya ukaguzi inayojibu maswali ya mgawaji, nikaona inaandika faili lake, inalisoma, inalifuta, inajibu "sawa" kwa furaha. Diski ileile, folda ileile. Dakika kumi nzima sikuelewa nilichokuwa nakiona. Mihogo ikafika, hakuna aliyeigusa.

Programu ya ukaguzi ilikuwa inawashwa na mfumo pamoja na huduma nyingine za ndani, kwa hiyo ilikuwa inaendeshwa na ruti, mkubwa wa mashine. Na ext4, mpangilio wa diski tunaoutumia kwenye Linux, unapotengenezwa kwa desturi humwekea ruti akiba ya asilimia 5 ya nafasi yote, ili mashine ikijaa mkubwa aweze kuingia na kusafisha. Watumishi wa nyumba walikuwa hawana unga. Sisi tulikuwa tunabisha hodi na kumuuliza baba mwenye nyumba, mwenye ghala lake nyuma, kama chakula kipo. Alikuwa anajibu ukweli wake.

Nikabadilisha mtumiaji wa ile programu ya ukaguzi uwe uleule wa mfumo wetu, nikaiwasha upya, nikaijaza Maisome tena. Makosa 10, chini. Sekunde 20 zikapita, 40, dakika. Ilikaa nyekundu mpaka saa nane kasoro, nilipolifuta faili lile la upuuzi kwa mkono wangu, na mihogo ikiwa imepoa zamani.